Mbolea ya ruzuku ya wadi yako imekwenda wapi? Mwongozo kamili wa kufuata hesabu yake, Malindi na Magarini

Mvua ya mwaka, yaani masika, ikikaribia, mazungumzo kuanzia Ganda hadi Marafa huwa ni yale yale: mbolea ya serikali imekuja, haijaja, ilikuja juzi ikaisha. Huyu ana vocha kwenye simu na ghalani ameambiwa arudi Jumatatu. Yule hajapata ujumbe hata mmoja tangu aandikishwe kwa chifu. Malalamiko haya huenda yote ni ya kweli, lakini yakifika ofisini hufa palepale, maana yanataja watu na upendeleo, na upendeleo hauna risiti. Mifuko ina risiti. Ukimuuliza mwenye ghala mbona wanapendeleana, atakujibu kwa maneno. Ukimuuliza mifuko 65 iliyopungua kati ya tarehe 1 na 30 Aprili iko wapi, itabidi afungue daftari.

Hapa tunaeleza jinsi ya kulifikia daftari hilo kisheria, kulisoma, na kuyatangaza yaliyomo bila kuanika siri za watu wala kujiingiza kwenye kesi. Mifano ni ya Malindi na Magarini, kaunti ya Kilifi. Mkulima wa Mpeketoni, Hindi au Witu atabadilisha majina ya wadi na ya ofisi tu. Sheria ni moja.

Kwanza, jua ni ruzuku ya nani

Mbolea ya bei nafuu ni mpango wa serikali kuu. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ambao sokoni ulikuwa umepita shilingi 6,000, uliteremshwa hadi 3,500. Mwaka 2023 bei ikashushwa tena hadi 2,500. Mkulima huandikishwa katika KIAMIS, mfumo wa serikali wa kuwasajili wakulima, kupitia kwa chifu, naibu wake au wasaidizi waliotumwa kijijini, ekari zake zikaandikwa, kisha vocha humjia kwa simu, akalipa na kuchukua mifuko kwenye ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) au chama cha ushirika kilichopewa kazi ya kuisogeza karibu. Mbegu za bure, miche ya mikorosho na trekta za kulimiwa kwa bei ya chini, hizo kwa kawaida ni za kaunti. Ukiiuliza kaunti habari za mbolea ya NCPB, utapigwa danadana, na safari hii watakuwa na haki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosa. Marekani na Ulaya, ruzuku ya kilimo aghalabu ni fedha anazolipwa mkulima mwenyewe, ndiyo maana vita vya uwazi huko vimekuwa vya majina. Shirika la Environmental Working Group lilitumia sheria ya uhuru wa habari ya Marekani kupata rekodi za malipo tangu mwaka 1995, likaziweka kwenye intaneti kila mtu azisome. Ulaya, tarehe 9 Novemba 2010, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuanika jina la kila mkulima binafsi na kiasi alichopewa, bila kubagua mkubwa na mdogo, kumepita mpaka. Kwetu mkulima hapewi hata senti. Anapewa punguzo, na serikali inabeba tofauti ya bei. Kwa hiyo orodha ya majina, ambayo kila mtu huiwania, si karatasi ya kwanza ya kutafuta. Mbolea huvuja kati ya lori na vocha, na hapo ndipo pa kuangalia.

Weka rekodi yako sawa kabla ya kudai ya wengine

Piga *707# kwa laini uliyoandikishwa nayo, ufuate maelekezo uone kama umo. Kinachowakwamisha wengi ni vitu vidogo: laini iliyopotea na kubadilishwa, tarakimu moja ya kitambulisho iliyokosewa, au shamba lililoandikwa kwa jina la baba aliyekwisha kufariki. Hayo hurekebishwa kwa chifu au kwa afisa wa kilimo wa wadi. Nenda na kitambulisho na simu yenyewe, na usiondoke kabla hujaona mabadiliko yakiingizwa. Ukiambiwa "tutakuingizia", andika jina la aliyekuambia na tarehe.

Kisha hifadhi vitu vinne kwa kila ununuzi: ujumbe wa vocha, ujumbe wa malipo, risiti ya ghala, na picha ya lebo ya mfuko. Kwa kijiji kizima tumia daftari la shule lenye safu saba: kijiji, herufi za kwanza za jina, ekari zilizoandikishwa, tarehe ya vocha, mifuko iliyoidhinishwa, tarehe ya kuchukua, mifuko iliyochukuliwa. Wakulima 25 au 30 wanatosha. Daftari hili halitathibitisha wizi. Kazi yake ni kukuonyesha pa kuuliza. Ikiwa watu 11 kati ya 30 walipata vocha katika wiki moja na wote wakaambiwa mbolea imeisha, tayari unajua ni wiki gani utakayoiombea rekodi.

Barua ya kuomba habari

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 imeeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo usikubali kurudishwa eti ulete ya Kiingereza. Huhitaji kueleza sababu. Kuwasilisha ombi ni bure. Kinacholipiwa ni gharama ya kutoa nakala tu. Mkuu wa taasisi ndiye afisa wa habari kwa mujibu wa sheria, hata kama amemkabidhi mwingine kazi hiyo, na kwa sababu hiyo barua huandikiwa yeye, nakala kwa meneja wa ghala.

Mfano:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu, Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. KUH: Ombi la habari chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Mimi, (jina), raia wa Kenya, naomba nakala za rekodi zifuatazo za mbolea ya ruzuku katika ghala la (jina), kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Mei (mwaka):

(a) hati za kupokea mzigo, kwa kila lori;
(b) kadi ya stoo ya kila aina ya mbolea, ikionyesha salio la kila siku;
(c) jumla ya vocha zilizotumika ghalani humo, kwa wadi, aina ya mbolea, idadi ya wakulima na idadi ya mifuko, bila majina, namba za vitambulisho wala namba za simu;
(d) majina ya kampuni, vikundi na vyama vya ushirika vilivyochukua zaidi ya mifuko 20, na idadi ya kila kimoja;
(e) hati za kuhamisha mzigo kwenda ghala au chama kingine;
(f) hati za kufuta mifuko iliyoharibika. Ikiwa hazipo, naomba nijulishwe kwa maandishi kwamba hazipo.

Naomba (b) na (c) kwa jedwali la kompyuta kama lipo."

Usiandike "naomba habari zote kuhusu mbolea". Ombi la namna hiyo hujibiwa kwa kijitabu cha rangi chenye picha ya waziri. Taja karatasi, ghala na tarehe. Kipengele cha (c) kimeandikwa vile kwa makusudi: sheria inaruhusu kunyimwa habari zinazoingilia faragha ya mtu bila sababu, na ukishaondoa majina umeufunga mlango huo kabla haujatumiwa. Kipengele cha (d) kinagusa kampuni na vikundi, ambavyo havina shamba la nyuma ya nyumba la kuficha. Sentensi ya mwisho ya (f) ina nguvu kuliko inavyoonekana. Meneja akiandika kwamba hakuna mfuko ulioharibika, hawezi baadaye kusema mifuko 65 ililowa.

Hesabu za vocha zenyewe hutoka katika mfumo wa wizara, kwa hiyo peleka barua ya pili, yenye kipengele cha (c) peke yake, kwa Katibu wa Wizara anayehusika na kilimo. Baadaye utakuwa na majibu mawili ya swali moja, kutoka ofisi mbili ambazo hazikukaa pamoja kuyapanga.

Toa nakala mbili za kila barua. Moja waachie, nyingine igongwe muhuri wa kupokea wenye tarehe, uondoke nayo. Bila muhuri huo hukupeleka kitu. Ukituma kwa barua pepe, ihifadhi pamoja na saa iliyotumwa. Andika kwa jina la mtu mmoja aliye tayari kufuatilia, kwani ombi la kikundi likipoteza katibu limepotea lote.

Kuhesabu siku

Taasisi ina siku 21 tangu kupokea. Barua iliyogongwa muhuri tarehe 3 Machi muda wake unaisha tarehe 24 Machi, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu, ikiwa rekodi ni nyingi mno au lazima washauriane na wengine, na ni lazima wakuambie. Barua ikiangukia ofisi isiyo yake, wana siku 5 za kuihamishia inakohusika.

Kimya pia ni jibu. Siku zikiisha bila neno, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na hapo unayo haki ya kwenda mbele. Unapeleka ombi la mapitio ndani ya siku 30 kwa tume ya CAJ, inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma na kujulikana zaidi kama ofisi ya Ombudsman, ambayo ina tawi Mombasa. Ambatisha nakala yenye muhuri, jibu kama lipo, na ukurasa mmoja wa maelezo. Tume inaweza kuamuru habari zitolewe, na amri yake ikisajiliwa Mahakama Kuu inatekelezwa kama hukumu ya mahakama hiyo.

Watu wengi hukosea hapa kwa kungoja. Huenda mara tatu, mara nne, wakiambiwa mkubwa yuko Nairobi, hadi siku 30 zinapita. Weka kengele kwenye simu siku ya 22, na barua ya tume uwe umeiandika kabla.

Kuisoma kadi ya stoo

Chukua mfano huu wa kujifunzia, wa aina moja ya mbolea kwa mwezi wa Aprili. Tarehe 1 ghala lilifungua na mifuko 140. Tarehe 8 lori lilishusha 560, yaani tani 28, na tarehe 17 likaja jingine la 560. Jumla 1,260. Vocha zilizotumika hadi tarehe 30 ni za mifuko 905. Salio linapaswa kuwa 355. Kadi, au hesabu ya macho ya siku ya kufunga mwezi, inasema 290. Pengo ni mifuko 65, ambayo kwa bei ya ruzuku ni shilingi 162,500, na kwa bei ya dukani ni zaidi sana.

Kabla ya kusema neno, jaribu kulibomoa pengo lako mwenyewe. Angalia kama kuna hati ya kuhamisha: huenda mifuko 60 ilipelekwa chama cha ushirika na vocha zake zitahesabiwa huko. Angalia hati ya kufuta, maana mifuko iliyochanika na kulowa hutokea kila msimu, hasa ghala lenye paa bovu. Angalia kama hesabu zote zimekatwa siku moja. Kadi iliyofungwa tarehe 30 jioni na ripoti ya vocha iliyovutwa tarehe 28 hazitalingana kamwe. Mkulima aliyelipa na hajachukua, yeye hulifanya salio kuwa kubwa kuliko linavyotakiwa, kwa hiyo ukisikia "hao hawajaja kuchukua" kama maelezo ya upungufu, maelezo hayo yamegeuzwa kichwa chini.

Baada ya salio, gawanya. Mifuko 905 ikiwa ilikwenda kwa wakulima 61, kila mmoja alipata wastani wa karibu mifuko 15. Kwa mahindi, kipimo cha kawaida ni mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari, hivyo mifuko 15 ya aina moja ni ya mtu mwenye ekari 15 zilizolimwa. Ikiwa ghala linahudumia Kakuyuni, je, huko kuna wakulima 61 wa namna hiyo? Huenda watano wakubwa wameuvuta wastani juu. Hilo ni swali la barua nyingine, ukiomba mgawanyo kwa madaraja: mifuko 1 hadi 4, 5 hadi 10, 11 hadi 20, zaidi ya 20. Bado hujataja jina la mtu.

Kwenye mgawanyo wa wadi uwe na tahadhari. Ukiona Shella na Malindi Town zimechukua mbolea nyingi kuliko Jilore, usikimbilie kupiga kelele. Wapo wengi wanaoishi mjini na kulima Langobaya, na mfumo huenda umeandika wanakolala badala ya wanakolima. Uliza kwanza safu ya "wadi" ina maana gani.

Mwisho, soma tarehe. Hapa mbegu huingia ardhini mvua ya mwaka inaposhika, mwisho wa Machi au Aprili. Hati inayoonyesha DAP imeshushwa wiki ya pili ya Juni haina mfuko hata mmoja uliopotea, na bado mkulima hakusaidiwa kwa lolote. Kwa maoni yetu uchelewaji huu unadhuru wengi kuliko wizi, na ni rahisi zaidi kuuthibitisha: karatasi moja yenye muhuri inatosha.

Mbegu na trekta za kaunti

Hapa njia ni fupi, kwa sababu Bunge la Kaunti ya Kilifi liko Malindi mjini, huhitaji nauli ya Kilifi. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Yote ni nyaraka za umma. Karani akikuzungusha, barua ile ile ya habari inamhusu. Linganisha kilichopangwa na ripoti za robo mwaka, kisha na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo Katiba inataka iwe tayari ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha.

Omba mkataba wa ununuzi, hati ya kupokea na karatasi za ugavi za wadi, zile zenye saini. Halafu piga hesabu ya mbegu. Ekari moja ya mahindi hula takriban kilo 10. Tani 10 ni za ekari 1,000. Taarifa ikisema tani hizo 10 zimewafaa wakulima 5,000, basi kila mmoja alipata pakiti ya kilo 2, ya kupandia sehemu ya tano ya ekari. Si uongo, lakini si kile mtu anachofikiri akisikia kwenye redio.

Trekta huandikiwa tiketi ya kazi yenye saa, mafuta na mahali ilipokwenda. Kwa jembe la sahani, ekari moja kwa saa au zaidi kidogo ndiyo kazi ya kawaida. Siku yenye ekari 30 kwa trekta moja ina maelezo ya kutolewa.

Mfuko wenyewe una nini

Mwaka 2024 ilibainika kwamba katika mpango huu wa ruzuku kulikuwa na mifuko iliyouzwa kama mbolea na haikuwa mbolea, jambo lililofika hadi kamati maalum ya Bunge la Taifa. Kwa hiyo idadi ikilingana, kazi haijaisha. Tuma SM# ikifuatiwa na namba ya kibali iliyo kwenye alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, kwenda 20023, uone bidhaa na mtengenezaji watakaotajwa kama ndio walioandikwa mfukoni. Tarakimu za lebo ni asilimia: DAP ya 18:46:0 ina kilo 9 za nitrojeni ndani ya kilo 50, na fosforasi, kwa kipimo cha lebo, kilo 23. Ukishuku, usiumwage wote. Bakiza angalau kilo mbili mfukoni mwake pamoja na lebo na risiti, kisha mwarifu afisa wa kilimo kwa maandishi. KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea, wana maabara ya kupima mbolea. Sampuli iliyokwisha kuhamishiwa kwenye ndoo haina ushahidi, kwa kuwa hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Kutangaza ulichokipata

Jedwali la ukurasa mmoja linatosha: salio la kufungua pamoja na iliyopokewa, iliyohamishwa, iliyofutwa, vocha zilizotumika, salio linalopaswa kuwepo, salio la kadi, tofauti. Chini yake andika rekodi zimetoka ofisi gani na tarehe gani. Daftari la kijiji lisibandikwe; lina habari za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe kama inavyoihusu serikali. Andika "mifuko 65 haijaelezwa". Ukiandika "imeibwa" utatakiwa uthibitishe aliyeiba, kazi ambayo si yako.

Mpelekee meneja jedwali hilo siku saba kabla ya baraza, kwa barua yenye muhuri, umwombe maelezo. Akijibu, jibu lake libandikwe kando ya jedwali, lote, hata kama linakukosoa. Siku ya baraza mpe chifu nakala mapema ili asishtukizwe mbele ya watu, somea wananchi mistari saba ya jedwali kwa sauti, kisha uliache jedwali kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Pengo likibaki bila maelezo, jedwali hilo hilo na nakala zake ndivyo viambatisho vya malalamiko utakayopeleka kwa tume, au vya ombi rasmi kwa Bunge la Taifa. Ikiwa ni mbegu za kaunti, ombi hilo unalipeleka kwa karani wa bunge pale Malindi, na nakala moja lazima igongwe muhuri.